Deki ya CD imekufa, amplifaya bado nzima: jinsi ya kuweka chanzo kipya cha muziki

Deki ya CD ya mzee mmoja, jirani yangu, ilianza kwa kurukaruka nyimbo, ikaishia kukataa kusoma diski kabisa. Fundi alibadilisha lenzi, ikaimba wiki chache, ikarudi kulekule. Amplifaya yake nzima, spika nzima, na ana boksi limejaa CD za dansi na taarabu. Swali lake lilikuwa anunue nini. Hii ndiyo kazi tuliyoifanya pale kwake, na ndivyo ninavyoifanya popote ninapoitwa.

Niseme mapema: wengi wanakimbilia kununua DAC ya bei mbaya, yaani kile kijisanduku kinachopokea namba za kidijitali na kutoa mawimbi ya sauti. Kwenye mfumo wa nyumbani DAC ndiyo sehemu yenye matatizo machache kuliko zote siku hizi. Kinachoharibu sauti ni faili mbovu, setingi mbovu, na mvumo wa umeme.

Hatua ya 1: Soma nyuma ya amplifaya

Amplifaya nyingi za mtumba zinatoka Japani na nyuma zimeandikwa AC 100V. Hiyo ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230 utanusa moshi. Inataka transfoma ya kushusha, yenye wati za kutosha kwa amplifaya hiyo. Kama ina redio ndani, FM ya Kijapani ilianzia MHz 76 na kuishia 90, kwa hiyo stesheni zetu nyingi hazitashika. Usimlaumu fundi.

Matundu ya kutumia ni CD, AUX, TAPE au TUNER. PHONO liache kabisa, limetengenezwa kwa ajili ya sindano ya santuri na linakuza sauti mara nyingi mno.

Hatua ya 2: DAC

Chukua yoyote ya kawaida ya Topping, SMSL, FiiO au Schiit, ile ndogo kabisa kwenye orodha yao, mradi iwe na tundu la USB na tundu la optiko, ule waya unaopitisha mwanga. La optiko utaliona umuhimu wake kwenye hatua ya 5. Waya wa USB uwe wowote, hata ule wa printa. Anayekuuzia waya wa USB "wa kusafisha sauti" anasafisha mfuko wako.

Jambo moja kuhusu amplifaya za miaka ya 70: zilizoea kupokea kama volti 0.2, wakati DAC nyingi hutoa volti 2 kama deki za CD. Tofauti hiyo ni desibeli 20. Ukigusa kitufe cha sauti kidogo tu, nyumba inatetemeka. Punguza desibeli 10 au 12 upande wa DAC au programu. Kwa DAC ya biti 24 hutasikia hasara yoyote.

Hatua ya 3: Kichezeshi

Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya bodi moja), chaja yake halisi ya volti 5 ampea 3, na memori kadi nzuri. Pakua moOde, programu ya kupiga muziki, iandike kwenye kadi kwa programu ya Raspberry Pi Imager, weka jina la waifai na nywila humohumo, chomeka. Ukiwa kwenye waifai hiyohiyo fungua brauza ya simu, andika moode.local. Basi.

Kuna vichezeshi vilivyokamilika dukani, na kwa asiyetaka kushika memori kadi ni sawa. Mimi napenda moOde kwa sababu ni ya bure na hainiombi nifungue akaunti ili nisikilize faili zangu mwenyewe. Bluetooth naiacha kwa wageni wanaotaka kupiga nyimbo zao. SBC, mbano ambao kila simu inao, unaishia takriban kbps 328 (kilobiti kwa sekunde), wakati CD yenyewe ni kbps 1411.

Hatua ya 4: Setingi mbili

Kwenye menyu ya sauti ya moOde chagua DAC yako kama kifaa cha kutolea, si tundu la earphone la Pi. Kisha kwenye aina ya volyumu weka Fixed, sauti uongoze kwa mkono kwenye amplifaya. Isipokuwa ile amplifaya ya hatua ya 2: hiyo iachie Software na ushushe kiasi.

Wanaotumia simu ya Android kama chanzo wajue kwamba simu nyingi hubadilisha kila kitu kuwa kHz 48, hata CD ya kHz 44.1. Hasara ni ndogo. Ila kile kiunganishi kidogo cha Apple cha USB-C, ambacho ni DAC nzuri kwa bei yake, kwenye Android nyingi hutoa sauti ya chini sana. Kwenye laptopu hakina shida.

Hatua ya 5: Mvumo

Hapa ndipo jioni nzima inapopotea. Muziki unapiga vizuri, wimbo unaisha, halafu kwenye ule ukimya unasikia mmmmm. Mzee aliinamia spika akasema, "Mwanangu, huyu nyuki kaingilia wapi?"

Sheria ya kwanza: zima amplifaya kila unapochomoa au kuchomeka waya wa sauti. Ule mshindo unaotoka ukichomoa ikiwa imewaka unaweza kuua twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba.

Sikiliza kwanza ni sauti gani. Mvumo mzito na wa chini ni wa Hz 50, umeme wa ukutani. Mkwaruzo mkali zaidi mara nyingi ni chaja. Mlio mwembamba unaobadilika ukisogeza mausi ni kelele ya kompyuta inayopita kwenye USB.

Sasa chomoa vyote vinavyoingia kwenye amplifaya, washa, fungua sauti kiasi unachosikilizia kila siku. Mvumo ukiwepo bado, tatizo ni amplifaya yenyewe, mara nyingi kapasita zilizokauka, na hapo unamwita fundi, sio muuza DAC. Ukiwa umekoma, rudisha kimoja kimoja: DAC bila USB, kisha USB, kisha king'amuzi, kisha TV. Kitakachouleta ndicho mshukiwa.

Kwa mzee alikuwa king'amuzi, na nyumba nyingi ni hivyohivyo. Waya wa dishi unashuka kutoka kwenye bomba la chuma lililofungwa darini, na huko juu umegusa ardhi kwa njia yake. Amplifaya nayo au kompyuta inagusa ardhi kupitia plagi. Zikishakuwa njia mbili za kwenda ardhini, mkondo mdogo unazunguka kupitia ganda la waya wa sauti, na amplifaya inaukuza. Jaribio lake ni rahisi: fungua skrubu ya waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Mvumo ukikatika hapohapo, umemkamata.

Dawa, kwa mpangilio ninaoupenda:

Toa sauti ya TV au king'amuzi kwa waya wa optiko mpaka kwenye DAC. Mwanga haupitishi umeme, kwa hiyo mzunguko unakatika. Ndiyo maana nilisisitiza tundu la optiko. Angalia tu kwenye setingi za TV sauti iwe PCM, yaani isiyobanwa, la sivyo DAC itakaa kimya na utadhani imekufa.

Ikishindikana, chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja, soketi moja ya ukutani. Mara nyingi inapunguza, mara chache inamaliza.

Mwisho ni kile kitransfoma cha kutenganisha kinachowekwa kwenye waya za nyekundu na nyeupe. Kinafanya kazi, lakini vya bei rahisi hula besi, na nyimbo za dansi bila besi ni adhabu.

Kama mshukiwa ni laptopu, chomoa chaja yake. Mvumo ukiondoka, sikiliza kwa betri au hamia kwenye Pi.

Kuna "dawa" moja ya mtaani siitaki hata kusikia: kukata pini ya ethi kwenye plagi. Mvumo utaondoka kweli. Lakini siku waya wa moto utakapogusa bodi ndani, chuma chote cha amplifaya kitakuwa na volti 230 na hakuna kitakachoikata.

Hatua ya 6: CD ziwe faili

Programu ya Exact Audio Copy kwenye Windows, faili ziwe FLAC, aina inayobana bila kupoteza sauti, na uwashe AccurateRip ili nakala yako ilinganishwe na za wengine wenye CD hiyohiyo. Kwa CD za bendi zetu mara nyingi hutapata wa kulinganisha naye, hiyo si hitilafu.

CD zilizochomwa mtaani zichunguze kwanza. Nyingi zilitoka kwenye MP3, na kuzigeuza FLAC ni kujaza diski bure. Fungua faili kwenye programu ya Spek, inayochora sauti kwa rangi: kama rangi zinakatika ghafla karibu na kHz 16, hiyo ilikuwa MP3 ya kbps 128. Tofautisha na rekodi za zamani zilizotoka kwenye mikanda ya redio, ambazo juu hufifia polepole zenyewe. Hizo zitunze.

Faili za nyumbani zinaokoa bando pia. Saa moja ya FLAC kutoka mtandaoni hula karibu MB 400, MP3 ya kbps 320 hula 144.

Hatua ya 7: Umeme ukikatika

Umeme ukikatika Pi ikiwa inaandika, memori kadi huweza kuharibika. Kwa hiyo muziki ukae kwenye flashi ya USB, si kwenye kadi ya mfumo, na ukishamaliza setingi zote fanya nakala ya kadi nzima kwenye kompyuta. Ukinunua UPS ndogo ya ruta ili ibebe na Pi, soma ampea za lile tundu la volti 5. Zisipofika 3, iache dukani.