Somo: Kusoma kimya cha wasichana wawili katika manga za shule

Habari za jioni, wanachama. Somo hili niliahidi baada ya ule mjadala wetu uliokwama kwenye neno moja, "tu". Mmoja alisema wasichana wawili wa kwenye manga (hadithi za michoro za Kijapani) wanapendana, mwingine akajibu "ni marafiki tu", mazungumzo yakafa hapo hapo. Hilo "tu" linaniuma. Linayadharau mapenzi, kana kwamba hayapo mpaka yatangazwe kwa kipaza sauti, na linaudharau urafiki vilevile, kana kwamba ni kitu cha kuokotwa njiani. Mwenye shoga yake wa tangu darasa la pili ananielewa.

Leo basi hatugombanii jibu. Tunajifunza kuutazama ukurasa. Chukua manga yoyote ya maisha ya shule uliyo nayo, penseli na daftari.

Hatua ya 1: Jua hadithi hizi zimetoka wapi

Mwaka 1899 serikali ya Japani ilitoa amri iliyotaka kila mkoa uwe na shule ya juu ya wasichana. Shule zikaongezeka, magazeti ya wasichana yakafuata, na humo zikachipuka hadithi za msichana mkubwa na mdogo wake wa shule wanaoandikiana barua na kutunziana siri. Uhusiano huo ukaitwa "esu", yaani herufi S, kutokana na neno la Kiingereza la dada. Mwandishi aliyeupa sauti kuliko wote ni Yoshiya Nobuko, ambaye kuanzia 1916 hadi 1924 alitoa mfululizo wa hadithi fupi uitwao Hana Monogatari, kila hadithi ikibeba jina la ua.

Jamii iliuvumilia uhusiano ule kwa sharti moja: uishe. Mahafali yakifika, msichana aolewe. Ndiyo maana hata leo manga za shule zina saa inayogonga chini kwa chini. Mwaka wa masomo Japani unaanza Aprili na kwisha Machi, sekondari ya juu ni miaka 3, na aliyekutangulia darasa moja ataondoka kabla yako. Ukiona sakura, yale maua ya mcheri ya majira hayo, yanapukutika kwenye fremu ya kwanza (fremu ni kisanduku kimoja cha mchoro), tayari kuna mtu anahesabu.

Mwaka 1971 Yamagishi Ryoko alichora Shiroi Heya no Futari, kisa cha wasichana wawili katika shule ya bweni Ufaransa. Wengi wanaitaja kuwa manga ya kwanza ya aina tunayoiita yuri, yaani hadithi za mapenzi kati ya wasichana, neno lenye maana ya ua la yungiyungi. Mmoja wa wasichana wale anakufa mwishoni.

Hatua ya 2: Tafuta anayeangalia

Hapa ndipo penye uzito wa somo zima, kwa hiyo tusiende mbio. Nimechora ukurasa wa mazoezi, wenye fremu 5. Nausimulia, nanyi muuone kichwani.

Fremu ya 1: darasa baada ya vipindi, viti vimepandishwa juu ya madawati. (Japani wanafunzi hufagia na kupanga darasa lao wenyewe, kwa zamu, ndiyo maana wachoraji wanaipenda saa hiyo: shule nzima imetoka, wawili wamebaki.) Fremu ya 2: mkono umeshika dasta, vumbi la chaki linaelea kwenye mwanga wa dirisha. Fremu ya 3: sikio, na nywele zilizopachikwa nyuma yake. Basi. Fremu ya 4: mwenye sikio amegeuka, anauliza, "Nini?" Fremu ya 5: yule mwingine anatazama chini, dasta ameikumbatia kifuani, anajibu, "Hamna kitu."

Sasa rudi kwenye fremu ya 3. Lile sikio limeonwa na nani? Hakuna mtu wa tatu darasani. Mchoraji amekukalisha ndani ya macho ya msichana mwenye dasta bila kukuaga, ukaangalia alichokuwa akikiangalia kwa muda ule aliokiangalia. Hilo ndilo ungamo, na limepita kabla neno halijasemwa. "Hamna kitu" ya fremu ya 5 imechelewa.

Fungua ukurasa unaofuata: mwenzake anasogea, anampangusa alama nyeupe ya chaki iliyoganda kwenye sare. Kwake ni kupangusa chaki. Fremu baada ya hapo haina maneno wala mandhari, ni uso wa yule wa kwanza kwenye weupe mtupu.

Zoezi: kwenye manga yako, weka alama kila fremu inayoonyesha kipande cha mtu, kama kidole, kisogo au kifundo cha mguu, kisha andika pembeni ni macho ya nani. Ukimaliza sura tatu utaona alama zimelalia upande mmoja. Huyo ndiye anayebeba hisia.

Sikiliza pia mawazo ya ndani, yale maneno yanayoelea nje ya kiputo cha mazungumzo. Mara nyingi tunapewa ya msichana mmoja, na wa pili amefungwa kama barua. Katika Yagate Kimi ni Naru ya Nakatani Nio (2015 hadi 2019), tunaingia na mawazo ya Yuu, anayengoja moyo wake udunde kama nyimbo na manga zilivyomwahidi, nao haudundi. Mkubwa wake, Touko, anampenda na wakati huohuo anamwomba asimpende. Kwa muda mrefu tunausoma uso wa Touko kutoka nje, kama Yuu anavyousoma, na tunakosea pamoja naye.

Hatua ya 3: Fuata majina

Japani mwanafunzi huanza kumwita mwenzake kwa jina la ukoo pamoja na "san" ya heshima. Kulifikia jina lake mwenyewe ni safari. Kuna "chan" ya kudekeza, kuna "senpai" kwa aliyekutangulia, na kuna siku mtu anaacha vyote na kutaja jina tupu. Siku hiyo iandike kwenye daftari, na namba ya ukurasa. Katika Aoi Hana ya Shimura Takako (2004 hadi 2013), Fumi na Akira walikuwa marafiki wa utotoni, mmoja akahama, wakakutana tena kwenye treni siku ya kuanza sekondari ya juu bila kutambuana. Wanapotambuana, majina ya utotoni yanarudi, na miaka yote ya katikati inakaa ndani ya silabi mbili tatu. Sisi tunalijua hili vizuri. Pima umbali kati ya "Dada Mwanaidi" na "we Mwana".

Hatua ya 4: Rudisha ukungu ambao tafsiri imeufuta

Wengi wetu tunasoma kwa Kiingereza, na hapa Kiingereza kinatuibia. Neno la Kijapani "suki" hutumika kwa chakula, kwa paka, kwa rafiki na kwa mpenzi. Msichana akimwambia mwenzake "suki", aliyeambiwa anaweza kuliweka kwenye chumba cha urafiki au cha mapenzi, na hadithi nzima inaweza kusimama kwenye tofauti ya vyumba hivyo viwili. Mtafsiri wa Kiingereza analazimika kuchagua neno moja kati ya mawili, jepesi au zito. Akichagua, mlango umefungwa.

Kiswahili hakilazimishi. Napenda wali wa nazi. Nampenda mama. Nampenda yule. Kitenzi ni kilekile.

Halafu kuna "ano hito", yaani yule mtu. Msichana wa Kijapani anaweza kuwahadithia wenzake darasani habari za anayempenda kwa sura nzima, na asijulikane kama ni wa kiume au wa kike. Kiingereza hakina raha hapo, mapema tu kinamtaja jinsia. Sisi tunasema "yeye", "yule", "alinipigia jana", na siri imetulia. Kwa hiyo ukifika kwenye ungamo, funga kitabu na ujitafsirie mazungumzo yale kwa Kiswahili cha nyumbani. Nimefanya hivyo mara nyingi, na mara nyingi nimegundua kwamba kilichoonekana kimesemwa wazi hakikuwa wazi hata kidogo.

Hatua ya 5: Simama kwenye kona ya chini kushoto

Manga inasomwa kulia kwenda kushoto, kwa hiyo jicho lako la mwisho kabla ya kufunua liko chini kushoto. Mchoraji anajua. Swali linaachwa hapo, na uso wa kujibu uko nyuma ya karatasi. Angalia pia sauti ya moyo, "doki". Imeandikwa karibu na nani? Maua ya pembeni usiyaamini sana, maana mengine ni pambo la ukurasa.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo dada. Mimi niko Tanga. Huku wasichana kushikana mikono barabarani ni jambo la kawaida, bweni tulisukana na kulala kitanda kimoja wakati wa baridi. Nasikia Japani nao hivyohivyo. Sasa nitajuaje kama mchoraji anamaanisha zaidi?*

Marahaba mdogo wangu, umeuliza swali lenyewe. Usilinganishe na Tanga, wala na Tokyo. Mlinganishe msichana huyo na yeye mwenyewe. Anawashikaje mikono wengine? Kama anamshika kila mtu, kisha akifika kwa mmoja anasita, mkono unabaki hewani fremu nzima, basi kusita huko ndiko habari. Na ukikuta amewashika wote sawasawa kwa furaha ileile, mwache na urafiki wake. Usimlazimishe abebe usichompa mchoraji.

*Hizi hadithi za zamani mbona zinaishia kwenye vilio? Ilikuwa lazima?*

Kwenye karatasi, karibu lazima, kwa lile sharti la hatua ya 1. Lakini tazama maisha ya Yoshiya mwenyewe. Mwaka 1923 alikutana na Monma Chiyo, mwalimu, wakaishi pamoja mpaka Yoshiya alipofariki mwaka 1973. Sheria haikuwa na mlango wa wanawake wawili kuwa familia, kwa hiyo mwaka 1957 alimwandikisha Chiyo kuwa mtoto wake wa kulea. Nyumba yake iko Kamakura, mji uleule ambamo Fumi na Akira wanapanda treni. Nilipoligundua hilo nilikifungua tena kitabu cha kwanza cha Aoi Hana nikakisoma polepole mno.

Hadithi za karibuni zimeanza kuvuka mahafali. Sura ya mwisho ya Yagate Kimi ni Naru inawaonyesha Yuu na Touko wakiwa vyuo vikuu, bado wako pamoja.

*Mimi ni mwalimu wa kidato cha pili. Naweza kuziweka kwenye maktaba ya shule?*

Zisome wewe kwanza, mwalimu, kitabu kwa kitabu. Aina moja ina vitabu vya kila rika. Aoi Hana, kwa mfano, ni tulivu kabisa ukiitazama, lakini ilitoka katika gazeti la wasomaji watu wazima, na ina mambo ya familia yanayohitaji msomaji aliyekomaa.

*Tuwaite nini kwa Kiswahili? Maneno tuliyo nayo mengine ni matusi.*

Kweli kabisa, na yale ya matusi siyagusi. Kwa aina ya hadithi nabaki na "yuri", limeshazoeleka. Kwa wahusika nasema wanachofanya: anampenda, anamkumbuka, anamngoja. Angalia pia neno letu "shoga". Pwani mwanamke anamwita hivyo kipenzi chake wa kike, wanayeteta na kucheka naye, na mitaani neno hilohilo limekuwa la kumnyooshea mwanamume kidole. Hata "somo", jina la hiki ninachokiandika, kwa wazee wetu ni rafiki wa karibu, wajina wako. Kwa hiyo tusiseme lugha yetu haina chumba kwa habari hizi.

*Dada, naandika hadithi yangu, wasichana wawili wa bweni Morogoro. Kila nikifika kwenye hisia najikuta nimeandika "alihisi upendo wa ajabu". Nisaidie.*

Lifute hilo. Nipe tranka zao. Bweni lina matranka 40 yaliyopangwa chini ya vitanda, kila moja na kufuli lake, na funguo zinavaliwa shingoni kwa kamba. Msichana wako wa kwanza ana funguo mbili kwenye kamba yake. Usitueleze kwa nini. Siku ya kufunga shule, wakati lori la mizigo linapiga honi na matroni anaita majina, aivue ile ya pili kichwani, ikwame kidogo kwenye nywele. Halafu niletee ukurasa huo hapa tuusome pamoja.