Kumsimulia Marianne Grunberg-Manago kwa shanga za Kariokor

Huu mwaka wa kumi na nane nikiwa mtu wa maabara katika shule moja ya Eastlands, Nairobi: naosha mirija ya majaribio, natayarisha aiodini kabla kengele haijalia, na Ijumaa jioni nasimamia chama cha sayansi. Mara ya kwanza nilipowasimulia wanachama habari za Marianne Grunberg-Manago, mwanabiokemia wa Ufaransa, nilianza na vyeo vyake. Mwanamke wa kwanza kuongoza hiki, wa kwanza kuongoza kile. Hata dakika tano hazijaisha, kijana wa nyuma alikuwa ameshaulalia mkoba wake. Tangu siku hiyo naanza na shanga. Vyeo husubiri.

Teremka soko la Kariokor, upande wa wauza shanga, na usikubali harufu ya nyama choma ikupoteze njia. Chukua shanga za plastiki zenye tundu pana, rangi nne: nyekundu, bluu, kijani na manjano. Ongeza zile ndogo nyeupe za kioo, pamoja na uzi wa nailoni. Za mbao ziache. Mimi niliwahi kuuziwa za mbao ambazo nusu ya matundu yalikuwa yamezibwa na rangi, tukamaliza jioni nzima tukizibua kwa sindano.

Nyumbani, kila ushanga wa rangi ufungie punje mbili nyeupe kwa kipande cha waya mwembamba wa simu, zikae foleni, moja ndani na nyingine nje. Hiyo ndiyo nukliotidi, yaani kiungo kimoja cha RNA, ule uzi unaobeba maagizo ya kuunda protini ndani ya chembe hai; punje nyeupe ndizo fosfati zake mbili. Usifunge peke yako, utakesha.

Siku ya kusimulia ikifika, sema machache kwanza. Alizaliwa Petrograd, Urusi, mwaka 1921, akafikishwa Ufaransa akiwa bado mtoto wa kubebwa. Akasomea biokemia, na katika miaka ya 1950 akawa New York, kwenye maabara ya Severo Ochoa, Mhispania. Kazi yake huko ilikuwa kuchunguza maji yaliyokamuliwa kutoka kwa bakteria wa udongo aitwaye Azotobacter, akifuatilia fosfati inavyohama kutoka kwa kemikali moja hadi nyingine. Hapa nyamaza kidogo, halafu uwaambie kwamba hakuwa akitafuta kitengenezaji cha RNA. Alikikuta akiwa katika shughuli nyingine.

Sasa mwite mtoto mmoja awe hicho kitengenezaji, ambacho ni kimeng'enya, yaani enzaimu, kinachoendesha kazi ya kemikali ndani ya chembe hai. Jina lake kamili ni polinukliotidi fosforileizi. Waache walitamke wacheke, yaishe. Mfunge macho kwa leso. Mpe bakuli lenye rangi zote na umwekee kikombe cha bati kando. Avute ushanga, achomoe punje nyeupe ya nje, aiangushe kikombeni, kisha atunge ushanga kwenye uzi. Usitumie kikombe cha plastiki, kwa sababu ule mlio, ting, ndio fosfati inayotoka kila kiungo kinapofungwa. Darasa zima huanza kuhesabu lenyewe bila kuambiwa.

Leso nayo ina sababu yake. Vimeng'enya vingine vinavyounda RNA kwa kawaida husoma DNA na kuifuata herufi kwa herufi. Hiki hakisomi popote, kinatunga kilichopo bakulini. Ndiyo maana baada ya Grunberg-Manago na Ochoa kukitangaza mwaka 1955, watafiti waliweza kujitengenezea nyuzi za RNA ndani ya mrija.

Badilisha bakuli, weka nyekundu tupu. Nyekundu ni U, moja ya herufi nne za RNA. Mtoto atatunga uzi mwekundu mtupu, na wenzake watamwona ameharibu. Hapo ndipo wataje Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei wa Bethesda, Marekani, ambao mwaka 1961 walitia uzi wa U tupu kwenye maji yaliyokamuliwa kutoka kwa bakteria, yenye asidi amino, yaani viungo vya protini, wakapata protini ya asidi amino moja tu, fenilalanini. Kisha funga mdomo usubiri. Mwaka uliopita nilisubiri mpaka nikaanza kupanga viti, ndipo msichana mmoja akasema, "Madam, kumbe nyekundu zina maana!" Kipande kinachoita fenilalanini moja ni nyekundu tatu, UUU, lakini hilo la kuwa ni tatu utawaongezea wewe, jaribio lile peke yake halikulionyesha.

Swali la Nobel litakuja tu. Tuzo ya mwaka 1959 walipewa Ochoa na Arthur Kornberg, Grunberg-Manago hakuwemo. Usitie chumvi, wala usiipoze. Mimi huandika ubaoni majina ya waandishi wa ile makala ya 1955 kwa mpangilio wake, Grunberg-Manago kisha Ochoa, nikaacha wabishane wenyewe.

Alirudi Paris, akafanya kazi miaka mingi katika Institut de biologie physico-chimique, akichunguza namna chembe hai inavyoanza kuunda protini. Vyeo sasa vipitishe haraka: alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza umoja wa kimataifa wa biokemia, na mwaka 1995 wa kwanza kuongoza Akademia ya Sayansi ya Ufaransa, iliyoanzishwa 1666. Alifariki 2013.

Kufagia nako ni sehemu ya somo. Kimeng'enya hicho hurudi kinyumenyume pia: kikipewa fosfati nyingi hufumua uzi, na ndani ya bakteria kazi yake kubwa ni kuvunja RNA. Basi mrudishie mtoto kikombe, afumue ushanga mmoja mmoja, kila mmoja arudishiwe punje yake nyeupe. Zihesabu kabla mlango haujafunguliwa. Mwaka jana nilipungukiwa na kumi na nne, na Jumatatu nikaziona mkononi mwa mtu, zimekuwa bangili.