Nyanya kwenye ndoo bila udongo: mizizi inataka hewa kwanza

Mche wangu wa kwanza wa nyanya niliouweka kwenye ndoo ya maji ulikufa umenyauka. Majani yalilegea mchana kutwa kama ya mmea uliosahauliwa juani, na huku chini yake kulikuwa na lita 15 za maji. Nikadhani una njaa, nikaongeza mbolea. Hali ikazidi kuwa mbaya. Siku nilipofungua kifuniko nilipata jibu kabla hata sijainama: harufu ya mtaro. Mizizi ilikuwa ya rangi ya chai, inateleza, na nilipovuta mmoja kwa vidole, ganda la nje lilivuka lote kama soksi likabaki mkononi mwangu. Kwenye mmea ukabaki uzi mwembamba mweupe.

Hewa ndiyo iliyokosekana. Mizizi inapumua, na isipopata oksijeni haina nguvu ya kunyonya maji hata ikiwa imezama ndani yake. Ikishadhoofika, vimelea vya kuozesha mizizi kama Pythium vinakaribia kama nzi kwenye kidonda. Tangu siku hiyo nikiangalia ndoo yoyote, au nikishika mbadala wowote wa udongo, swali langu la kwanza ni hewa itapitia wapi. Maji si kazi, hata mtoto anaweza kuyamimina.

Ndoo ziko za aina mbili. Ya kwanza ni ile ambayo mizizi inaning'inia ndani ya maji yenye virutubisho. Unatoboa kifuniko, unapachika kikapu cha plastiki chenye matundu, unaingiza mpira mwembamba kutoka kwenye pampu ya hewa, na mwishoni mwa mpira unaweka jiwe la hewa, lile linalotumika kwenye matangi ya samaki. Mche ukiwa mdogo, maji yaguse kitako cha kikapu. Mizizi ikishashuka vizuri, teremsha maji ubakize nafasi ya sentimita 5 hivi kati ya kikapu na uso wa maji. Mizizi ya juu itaota vinyweleo vingi kama manyoya. Hiyo ndiyo ya kupumulia, usiizamishe tena.

Kuna njia ya kufanya hivyo bila pampu kabisa, iliyoendelezwa na Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Unajaza ndoo mara moja, mmea unakunywa, maji yanashuka, na pengo la hewa linajitengeneza lenyewe. Kwa saladi ni raha tupu. Kwa nyanya siipendi: mmea uliokomaa, wenye matunda, unaweza kunywa lita 2 au 3 kwa siku ya jua kali, kwa hiyo ndoo ya lita 20 inakauka ndani ya siku 7 hadi 10, na wewe unabaki kuhangaika uongeze kiasi gani bila kuizamisha ile mizizi ya kupumulia.

Aina ya pili ndiyo ninayoitumia sasa kwa nyanya na pilipili hoho, na wengi wanaiita ndoo za Kiholanzi. Ndoo imejazwa mbadala wa udongo, maji yenye virutubisho yanadondokea juu kutoka kwenye tangi, na yanayozidi yanatoka kwa bomba la chini na kurudi tangini. Toboa tundu la kutolea maji ubavuni, sentimita 4 kutoka chini, usitoboe kwenye kitako. Kile kidimbwi kidogo kinachobaki chini ni akiba ya saa chache pampu ikizima. Tundu livalishe raba ya kuzuia kuvuja, upitishe elbo, na kwa ndani ukinge mdomo wake kwa kipande cha wavu. Mimi niliruka hatua ya wavu. Punje zikaziba bomba, ndoo ikajaa hadi shingoni usiku kucha, na asubuhi nikaikuta nyanya yangu bora inaogelea.

Ndoo iwe imewahi kubeba chakula, isiwe iliyobeba rangi ya kupaka wala dawa. Na isipenyeze mwanga. Iweke juani uchungulie ndani: ukiona ubavu unang'aa, ipake rangi nyeusi kwanza, kisha nyeupe juu yake. Nyeusi inazuia mwanga usilishe mwani, nyeupe inarudisha joto. Hili la joto watu wanalidharau. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita; yakifika nyuzi 30 yanabeba kama 7.5, wakati huohuo mizizi inapumua kwa kasi zaidi na vimelea vinazaana. Weka tangi kivulini, lifunike, ukiweza lifukie nusu ardhini.

Sasa tuje kwenye mbadala wa udongo, maana hapa ndipo watu wanapobishana. Nina kipimo changu cha mkono. Lowesha konzi moja hadi ishibe, iache ichuruzike, kisha ikamue. Ikitoa maji mengi kama sifongo na kubaki donge, inashika maji vizuri lakini hewa ni haba. Ikitoa matone mawili matatu na kumwagika kati ya vidole, hewa ni tele, ila itakauka upesi na utalazimika kumwagilia mara nyingi. Hakuna mbadala unaokupa vyote kwa ukamilifu. Unachochagua hasa ni kosa lipi unaweza kulivumilia.

Kwa mtu anayeanza, chaguo langu ni kokopiti, yaani unga na nyuzi za makumbi ya nazi. Inashika maji, bado ina hewa, na pampu ikizima asubuhi mmea mdogo utakusubiri hadi jioni. Lakini ina hila zake, na zimewaangusha wengi. Makumbi huwa na chumvi na potasiamu nyingi, hasa yakiwa yameloweshwa kwenye maji ya bahari yalipokuwa yakichakatwa. Zaidi ya hapo, kokopiti inakamata kalsiamu unayoweka na kuachia potasiamu na sodiamu badala yake. Mmea unakosa kalsiamu ilhali wewe unaapa uliiweka.

Kwa hiyo ioshe. Tofali la kilo 5 likilowa linavimba hadi karibu lita 70, basi andaa chombo kikubwa kuliko unavyodhani. Lowesha, chuja, lowesha tena, hadi maji yanayotoka yapungue rangi na EC yake, yaani kipimo cha chumvi na virutubisho vilivyoyeyuka majini (kwa mS/cm), ishuke chini ya 0.8 hivi. Kisha iloweke usiku mmoja kwenye maji yenye nitreti ya kalsiamu, EC kama 1.8, uyamwage asubuhi na usuuze mara moja. Ni kazi ya kuchosha, mikono inabaki ya kahawia siku mbili. Nimewahi kuiruka nikijiona mjanja, na matunda yangu ya kwanza yote yakaoza kitako.

Perlaiti ni mawe ya volkano yaliyochomwa hadi yakavimba kama bisi: meupe, mepesi, yamejaa hewa. Kwenye ndoo za Kiholanzi inafanya kazi vizuri mno mradi umwagilie mara kadhaa kwa siku. Usifungue mfuko mkavu bila kuvaa barakoa. Nyunyizia maji humohumo mfukoni kwanza, vumbi lake linakera mapafu. Mimi siku hizi nachanganya, kokopiti sehemu mbili na perlaiti sehemu moja, na sijaona sababu ya kubadilisha.

Vipira vya udongo wa kuchoma ni vya kikapu cha ndoo ya aina ya kwanza. Vinashika maji kidogo, vinapitisha hewa, na unavitumia miaka. Vioshe hadi maji yawe meupe, la sivyo tope jekundu litaziba jiwe la hewa.

Kokoto nazo zinafaa, ni nzito tu na zinachemka juani. Kabla ya kuzitumia zidondoshee siki: zikitoa povu, zina chokaa, na chokaa itapandisha pH yako, yaani kipimo cha uchachu wa maji (ikipanda, uchachu umepungua), kila siku hadi uchoke. Mchanga uwe wa chembe kubwa. Ule laini unashikana ukawa kama saruji. Pumba za mpunga mbichi zinaoza na punje zilizobaki zinachipua, lakini zikichomwa hadi ziwe makaa, bila kuachwa zigeuke majivu, kisha zikaoshwa, ni mbadala mzuri sana. Sufu ya mwamba, yaani nyuzi za mwamba ulioyeyushwa, naitumia kwa miche pekee, nikiwa nimeiloweka kwanza kwenye maji ya pH 5.5 kwa sababu ikitoka pakitini pH yake iko juu. Haiozi kamwe, na hilo linanikera, maana sijui niitupe wapi.

Upande wa chakula, usitafute siri. Mwaka 1938 Hoagland na Arnon wa Chuo Kikuu cha California walichapisha mchanganyiko ambao mpaka leo wengi wanauanzia. Haohao waliona kwamba kulima kwenye maji hakuzidi udongo mzuri kwa mavuno. Nawapenda kwa ukweli huo. Faida ya ndoo ni kudhibiti maji na chakula, na kulima pale ambapo udongo haupo au una magonjwa.

Kwa lita 20 za maji mimi hutumia gramu 12 za mbolea ya haidroponiki ya unga yenye uwiano wa 4-18-38 (nitrojeni, fosforasi, potasiamu) na virutubisho vidogo ndani yake, gramu 6 za salfeti ya magneziamu, na gramu 12 za nitreti ya kalsiamu. Mpangilio ni huohuo. Ya kwanza iyeyuke kabisa tangini, ya pili ifuate. Nitreti ya kalsiamu iyeyushe kwenye chombo chake, ndipo uimimine mwishoni huku ukikoroga. Siku moja nilivichanganya vyote vikavu kwenye jagi moja la maji kidogo ili kuokoa muda. Maji yaligeuka maziwa mbele ya macho yangu, na baada ya dakika chache chini kukatuama unga mweupe mgumu kama chaki. Ile ndiyo kalsiamu iliyoshikana na salfeti na fosfeti. Hairudi tena kuwa chakula, na inaziba vidondoshi.

Kipimo cha EC na cha pH si anasa. Mche mdogo mpe EC ya 1.0 hadi 1.2, unaokua 2.0, wenye matunda 2.5 hadi 3.0. Pilipili hoho ibaki chini kidogo ya nyanya. pH iwe kati ya 5.5 na 6.5. Ukihitaji kuishusha, mimina asidi ndani ya maji, kamwe usimimine maji ndani ya asidi, na uende matone kwa matone.

Namba moja peke yake haisemi kitu. Linganisha ya jana na ya leo. Maji yakipungua huku EC ikipanda, mmea unakunywa kuliko unavyokula, kwa hiyo ongeza maji matupu. EC ikishuka, una njaa, mpe. Maji yakipungua huku EC ikibaki palepale, umepatia, acha mikono yako mbali. Kila wiki mbili mimi humwaga tangi lote na kuanza upya, kwa kuwa kipimo cha EC hakikuambii ni kirutubisho kipi kimekwisha.

Nyanya zikianza kuoza kitako, usikimbilie kuongeza kalsiamu. Kalsiamu husafiri na maji yanayopanda kwenda kwenye majani, na tunda linapata kidogo tu. Mara nyingi tatizo ni mmea kukauka na kulowa kwa vipindi, au EC kuwa juu mno. Nikiona tunda la kwanza lenye doa, huchimbua ndoo kwa kidole hadi kifundo cha pili kabla sijagusa mfuko wowote wa mbolea.

Shina moja lipande kwenye kamba, vichipukizi vya kwapani viondolewe vikiwa vidogo. Ukiwa unalimia ndani pasipo upepo, tikisa vishada vya maua kidogo mchana.

Msimu ukiisha, ng'oa mmea na uikague mizizi hata kama mavuno yalikuwa mazuri: iwe ya rangi ya maziwa, na ikivutwa ikatike badala ya kuvuka ganda. Vipira na kokoto ninavichemsha, ndoo na mabomba nayapitisha kwenye maji ya dawa ya klorini kisha nayasuuza vizuri. Kokopiti natumia misimu miwili, baada ya hapo inakwenda kwenye shimo la mboji. Ndoo ambayo mmea wake uliugua siirudishii kokopiti yake hata iwe bado inaonekana mpya.