Kutia Ukungu Mandharinyuma na Kubakiza Rangi Moja Kwenye Picha

Kazi zote mbili zinasimama juu ya kitu kimoja: matabaka mawili ya picha ileile, na barakoa inayoamua lipi lionekane wapi. Maelezo haya yanafuata GIMP, programu ya bure.

Fungua picha, rudufu tabaka kwa Shift+Ctrl+D. La juu litabaki na mtu aliye pichani; la chini ndilo la ukungu. Usikimbilie kichujio cha ukungu. Ukitia ukungu tabaka la chini mtu akiwa bado yumo, rangi za nguo na ngozi yake husambaa na kumzunguka kama mng'ao, na hapo kila mtazamaji hugundua kuwa picha imechezewa. Mfute kwanza. Ficha tabaka la juu, chukua kifaa cha kunakili sehemu (herufi C), shikilia Ctrl ukibofya sehemu ya nyuma iliyo karibu naye, kisha mpake kuanzia kingoni kuingia ndani. Si lazima iwe safi sana, ukungu utafunika.

Sasa weka kichujio cha ukungu wa Gaussian (Gaussian Blur) kwenye tabaka hilo la chini. Kwa picha yenye upana wa pikseli 4000, anza na ukubwa wa 15. Ukipita 40 mtu huanza kuonekana kama karatasi iliyobandikwa.

Rudisha tabaka la juu, liongezee barakoa nyeupe. Nyeupe huonyesha, nyeusi huficha. Bonyeza D upate nyeusi na nyeupe, X kuzibadilisha nafasi, kisha paka nyeusi mandharinyuma. Mabegani tumia brashi yenye ukingo mkali kiasi, nyweleni laini. Ukikosea, X, paka tena.

Miguu ndiyo inayosahaulika. Lenzi hutia ukungu kwa kufuata umbali, hivyo ardhi aliyosimama mtu lazima iwe kali kama yeye, kisha ififie taratibu kadiri inavyokwenda mbali. Kwenye barakoa, ardhi hiyo ipake kwa mpito: nyeupe usawa wa nyayo, nyeusi kule mbali.

Rangi moja ni rahisi zaidi. Chukua picha halisi, rudufu tabaka, la juu liondoe rangi libaki la kijivu, kwa kufuata mwangaza, weka barakoa nyeupe na upake nyeusi pale unapotaka rangi itokeze. Usitumie kifutio, kinachofutwa ni vigumu kukirudisha ukishafunga faili. Kuza hadi asilimia 200 kwenye kingo, maana kidole chenye wekundu kidogo kando ya ua jekundu huonekana upesi kuliko ua lenyewe.

Kitu chenye rangi kali huakisi rangi yake juu ya meza au chini ya kidevu. Ukiacha mwakisi huo wa kijivu kabisa, kitu kitaelea. Upake kwa brashi yenye nguvu ya asilimia 30 hivi. Na rangi iwe moja. Mbili tayari zinagombana.

Hifadhi XCF (faili la GIMP yenyewe) yenye matabaka yote kabla ya kutoa JPEG, kwa kuwa JPEG huyaunganisha kuwa moja.