Jinsi ya kuchagua petroli yenye oktani inayoifaa pikipiki yako

Oktani ni kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo na joto ndani ya silinda bila kujiwakia yenyewe kabla ya kufikiwa na moto wa plagi. Si kipimo cha nguvu ya mafuta, wala cha usafi wake. Mwendesha bodaboda anayelipia petroli ya bei ya juu akitarajia pikipiki yake ndogo ipande mlima kwa wepesi zaidi ananunua ustahimilivu ambao injini yake haiuhitaji, na fedha hiyo ingemfaa zaidi kwenye oili.

Anza kwa kutafuta kiwango alichokitaja mtengenezaji, ambacho hupatikana katika kijitabu cha maelekezo na mara nyingine kwenye kibandiko kilicho karibu na kifuniko cha tangi. Ukishaipata namba hiyo, angalia imeandikwa kwa kipimo gani. Afrika Mashariki, kama Ulaya, hutumia RON, yaani oktani iliyopimwa maabara katika hali nyepesi, ilhali pampu za Marekani na Kanada huonyesha wastani wa vipimo viwili, RON na MON (ambayo hupimwa katika hali ngumu zaidi), uitwao AKI, ambao kwa mafuta yale yale huwa chini kwa namba nne au tano hivi. Kwa hiyo pikipiki ya Marekani inayodai 87 huridhika na RON 91, na inayodai 91 huhitaji takriban RON 95. Pikipiki iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani ina utata wake, kwani kijitabu huenda kikasema tu petroli ya kawaida au ya daraja la juu. Kwa viwango vya huko, ya kawaida ni RON 89 kwenda juu na ya daraja la juu ni 96 kwenda juu.

Maneno "isiyo na risasi" kwenye pampu hayakusaidii katika hili. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya risasi kufikia mwanzoni mwa 2006, na maneno hayo hayasemi lolote kuhusu oktani. Uliza namba ya RON, na mhudumu asipoijua, muulize msimamizi wa kituo.

Kijitabu kikiwa kimepotea, uwiano wa mgandamizo wa injini, yaani silinda huubana mchanganyiko wa hewa na petroli mara ngapi, hutoa mwongozo. Royal Enfield Himalayan ya cc 411 ina 9.5 kwa 1, BMW R 1250 GS ina 12.5 kwa 1, na Yamaha R1 ina 13 kwa 1. Kwa kawaida injini zilizo chini ya 10 huridhika na RON 91, na zinazopita 12 hutaka 95 au zaidi. Katikati ya hapo usibahatishe, kwa sababu upozaji, umbo la chumba cha mwako na wakati wa kupiga cheche navyo vina neno. Weka 95 hadi utakapopata maelezo ya mtengenezaji.

Pikipiki kubwa kama hiyo BMW ina kihisi kinachotambua injini inapogonga, yaani petroli inapojiwakia yenyewe, na kuchelewesha cheche mara moja. Pikipiki nyingi za bodaboda hazina kifaa hicho, kwa hiyo kazi hiyo ni ya sikio lako. Ukipanda mlima ukiwa na abiria na gunia, ukafungua mafuta kwa nguvu huku mwendo ukiwa mdogo, sikiliza mlio mkavu kama wa kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Punguza gia kwanza. Mlio ukikoma, huenda kosa lilikuwa la gia wala si la petroli. Ukiendelea, fungua plagi na uitazame kauri yake nyeupe: vijichembe vya aluminiamu vinavyong'aa juu yake ni dalili kwamba pistoni imeanza kuumia. Kabla ya kulaumu oktani, mwambie fundi akague masizi kichwani mwa silinda, wakati wa cheche, na kama plagi ni ya aina iliyoagizwa.

Mwinuko nao huhesabika. Hewa ya Eldoret, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi, hivyo mgandamizo halisi ndani ya silinda hupungua. Pikipiki iliyokuwa kimya huko yaweza kuanza kugonga ikishushwa Mombasa na kubebeshwa mzigo uleule juani.

Hata hivyo, kwenye barabara zetu naona uchakachuaji ni tatizo kubwa kuliko tofauti ya 91 na 95. Mafuta ya taa yana oktani ya chini mno, na kiasi kidogo tu huishusha petroli chini ya namba iliyoandikwa. Tanzania hutia vinasaba (kemikali za utambulisho) kwenye mafuta ili kuwanasa wachakachuaji, na Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa kwa sababu hiyohiyo. Epuka petroli ya chupa za kando ya barabara. Ukilazimika, dondosha kidogo kwenye karatasi nyeupe: petroli safi hukauka upesi, na doa la mafuta likibaki, usiinunue.

Ukikwama mahali penye petroli ya oktani ndogo tu, nunua ya kukufikisha kituo kinachofuata, endesha kwa gia ndogo bila kufungua mafuta ghafla, kisha ongeza ya juu. Lita tano za 91 zikichanganywa na tano za 95 hutoa takriban 93.