Kabla hujafunga rimu kubwa, jua utajaza upepo kiasi gani

Gari likiwa bado na matairi yake ya zamani, fungua mlango wa dereva uchungulie kwenye nguzo. Pale pana stika yenye saizi ya tairi la kiwandani na kiasi cha upepo wake. Upepo hupimwa kwa kPa au kwa PSI, na magari mengi yaliyotoka Japani huandikwa kwa kPa: 220 ni sawa na PSI 32, 240 ni kama 35. Ipige picha. Hesabu yote inaanzia hapo, na mafundi wengi hawaitazami kabisa.

Nasema hivi kwa sababu yalinipata. Nilitoa 195/65R15, ya rimu ya inchi 15, nikafunga 215/45R17, ya rimu ya inchi 17, hapa hapa Dodoma. Kijana aliyenifungia aliinama akasoma ubavuni mwa tairi penye neno MAX na namba 50, akajaza karibu kabisa na hapo. Nikamwambia, "Fundi, si nyingi hizo?" Akanijibu, "Mzee, hizi mpya, lazima zishibe." Siku mbili nzima chupa ya maji ilikuwa inaruka kutoka mahali pake kila nikipita tuta, na nilipofunga breki kwenye lami yenye mchanga gari liliteleza kuliko nilivyolizoea. Ile namba ya ubavuni ni kikomo cha tairi lenyewe. Tairi halijui limefungwa kwenye gari gani.

Cha kuelewa kabla ya kutoa hela ni kwamba rimu kubwa si lazima iwe tairi kubwa. Tairi langu la zamani lilikuwa na kipenyo cha nje kama milimita 634, jipya ni 625. Kwa mbali huwezi kuona tofauti. Kilichobadilika ni ubavu: umefupika, na hewa iliyomo ndani imepungua. Na hewa ndiyo inayobeba gari. Kwa hiyo usitarajie kwamba rimu ikikua unaweza kupunguza upepo. Ukipunguza, jiwe moja tu kwenye barabara ya vumbi linatosha kukunja ukingo wa rimu.

Sasa soma namba inayofuata saizi. Langu la zamani lilikuwa na 91, maana yake kilo 615 kwa kila tairi. Hiyo 215/45R17 madukani ipo ya 87, yaani kilo 545, na ipo ya 91 yenye herufi XL, yaani lililoimarishwa kwa mzigo zaidi. Ya 87 niliiacha bila kufikiri mara mbili, maana usibebeshe gari tairi lenye uwezo mdogo kuliko la kiwandani. Lakini hata 91 kwa 91 kuna mtego. Tairi la kawaida hufikia uwezo wake wote likiwa na kPa 250, karibu PSI 36. La XL hufikia kwenye 290, yaani 42. Kwa upepo ule ule, XL hubeba pungufu. Stika yangu inasema 32. Nilipopiga hesabu ili tairi jipya libebe mzigo ule ule, 32 mara 42 gawanya kwa 36, nikapata 37. Angalia jinsi ilivyo mbali na 50, na jinsi 32 nayo isingefaa.

Wenye pikapu hali yao ni tofauti. Tairi likiwa kubwa kweli, pana na refu, lina hewa nyingi na mzigo ule ule unahitaji upepo mdogo zaidi. Ila likiwa na herufi LT, lile la kazi ngumu, linataka upepo mwingi kuliko la gari dogo. Hapo chukua chaki ya shule, chora mstari mnene kukatiza tairi upande wa juu, endesha mita mia kwenye lami iliyonyooka, kisha shuka uangalie. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika pembeni katikati ikabaki nyeupe, umepungua. Fanya hivyo ukiwa na mzigo unaobeba siku zote. Gari tupu na gari lenye magunia ya mahindi ya Kibaigwa ni magari mawili kwa tairi la nyuma.

Pima tairi likiwa baridi, gari likiwa limelala au limesimama saa tatu na zaidi. Nunua geji yako mwenyewe. Asubuhi ya Julai hapa kwetu na mchana wake hupishana nyuzi kumi na zaidi, na kila nyuzi tano au sita huongeza kama PSI 1. Tena, ukijaza Dar es Salaam ukapanda Dodoma, geji itaongeza karibu PSI 2 bila mtu kugusa kitu, kwa kuwa huku tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari na hewa ya nje ni nyepesi. Ukisimama Gairo tairi likiwa la moto na mtu akataka kukutolea upepo, mkatalie.

Kuhakiki namba yako, pima alfajiri, elekea Chamwino kwa nusu saa, pima tena hapo hapo. Ikipanda kama 4, uko vizuri. Ikipanda 7, upepo ulikuwa mdogo au mzigo mkubwa. Isipopanda hata 2, umejaza kupita kiasi.

Tairi la spea nalo litazame, lisije likawa la kipenyo tofauti na wenzake. Na nati zikazwe tena baada ya kilomita hamsini za kwanza.

Ukishapata namba, iandike kwa kalamu isiyofutika, uibandike chini ya stika ya kiwandani, ili hata ukimwazima shemeji gari asimwachie fundi aamue. Yangu imeandikwa 37, asubuhi, kabla ya kuondoka.