Ukitaka gugu litambuliwe, usitume majani matupu

Nilikuwa natuma majani mawili matatu kwenye mfuko wa plastiki, yakifika yameshaoza. Siku hizi nachukua tawi zima lenye ua au tunda (mche ukiwa mdogo, naung'oa na mizizi yake), nalilaza kati ya kurasa za gazeti, jani moja nimeligeuza lionyeshe upande wa chini, kisha nakandamiza kwa vitabu vizito. Badilisha karatasi kila siku, hasa siku za mwanzo. Ukizembea hapo, ukungu haukusubiri. Wataalamu wa hebaria (hazina ya mimea iliyokaushwa) hulinganisha sampuli yako na zile zilizokaushwa na kuhifadhiwa, na mara nyingi kinachokata shauri ni ua. Gugu karoti likiwa changa, majani yake hufanana sana na ya ambrosia, gugu jingine. Likichanua, vile vichwa vidogo vyeupe vyenye pembe tano havidanganyi. Vaa glavu, linawasha. Rangi ya ua, harufu, kimo na mahali ulipolikuta viandike siku hiyo hiyo, maana ua likikauka rangi hupotea.

Njia hii hugoma kwa mimea iliyojaa maji kama dungusi: hiyo ikate vipande vyembamba na upige picha kabla. Mche usio na ua unaweza kuambulia jina la jenasi tu (kundi la mimea inayohusiana, si aina yenyewe), basi ngoja uchanue, ila usiungoje umwage mbegu. Na bahasha uifunge kabisa, usije ukalisambaza gugu lenyewe njiani.